Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: huduma ya macho ya watoto kwa njia ya simu, Kigoma

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mhazini, wajumbe wa kamati, wazazi na walezi wenzangu. Assalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru mliofika, hasa mliotoka Buhigwe na Uvinza, na akina mama wa mwambao mliopanda boti tangu jana.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Kamati ilikutana kila robo mwaka. Barua za vibali zilifika halmashauri na kwa wakuu wa shule. Siku ya Kuona Duniani, Alhamisi ya pili ya Oktoba, tuliiadhimisha Ujiji kwa kupima watoto na kuwaonya wazazi kuhusu kutia maziwa ya mama na maji ya majani kwenye jicho linalouma. Miwani ya msaada iligawiwa. Wenzetu wawili tuliwazika, Mungu awalaze mahali pema.

Sasa nije kwenye jambo lililofanya baadhi yenu mkisusie kikao cha Juni.

Mwezi Machi kamati iliamua kuchukua shilingi 2,400,000 kutoka mfuko wa nauli za rufaa, uliokuwa na shilingi 3,750,000, ikanunua simu mbili zenye kamera nzuri, kishikwambi kimoja, lenzi ndogo ya kubana kwenye kamera, chaja ya sola na bando la mwaka mzima. Yaliyosemwa baada ya hapo nimeyasikia yote: kwamba mwenyekiti amekula nauli za watoto, kwamba walimu tayari wana vishikwambi vya sensa ya 2022, kwamba simu haitibu jicho. Kuhusu la kwanza, risiti zote anazo mhazini na kila mwanachama ana haki ya kuzikagua leo. Kuhusu la pili, vishikwambi vile ni mali ya serikali, vimetolewa kwa kazi za shule, na chama hakina mamlaka navyo. La tatu nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu wazo hili nililileta mimi na ndimi niliyelitetea kwenye kamati.

Kabla ya Machi tulikuwa tunafanyaje? Mtoto akionekana ana tatizo, mama yake anapewa nauli ya Mwanza, wengine hadi Moshi, na fedha ya chakula na malazi ya watu wawili. Akifika anaambiwa ni mzio, anaandikiwa dawa ya matone ambayo ingepatikana hapa hapa mjini. Mwenye ugonjwa mkubwa anabaki kijijini kwa sababu zamu yake haijafika. Nauli tulikuwa tunaigawa kwa foleni, ugonjwa wenyewe haukuangaliwa.

Sasa hivi mwalimu aliyefundishwa anampima mtoto kwa herufi E inayogeuzwa pande nne; mtoto anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi, hata kama hajajua kusoma. Anayeshindwa anapigwa picha na muuguzi wetu: moja ya jicho kwa karibu, nyingine kwa flashi ndani ya chumba chenye giza kidogo, ili ionekane mboni zinarudisha rangi gani. Mwenye makengeza anarekodiwa video fupi akifuata kalamu kwa macho. Huko mwambao ambako mtandao unakatika, picha zinakaa ndani ya simu hadi boti lifike penye mtandao, kisha zinatumwa. Daktari wa macho anazisoma akiwa kwenye kituo chake cha kazi, anatujibu nani atibiwe hapa, nani asafiri, na nani asafiri bila kungoja.

Mboni yenye afya hurudisha wekundu. Ikirudisha weupe, huenda ni mtoto wa jicho, na huenda ni saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka mitano. Mwaka huu picha ya mtoto mmoja wa mwambao, kijiji chake sikitaji, ilitumwa jioni, na jibu likaja usiku ule ule kwamba aletwe haraka. Nauli yake ilitoka katika ile 1,350,000 iliyobaki. Jicho moja limeondolewa, mtoto yu hai na anacheza na wenzake. Kwa utaratibu wa zamani angesubiri wenye mzio wapite kwanza. Wanaosema simu imekula nauli naomba wampime huyu mtoto kwenye mizani yao.

Hesabu za kazi ni hizi. Watoto 1,146 walipimwa katika shule sita. Picha za watoto 83 zilitumwa: 58 walitibiwa hapa Kigoma, 17 waliambiwa wasafiri, 8 wanasubiri picha irudiwe. Kwa wastani wa gharama ya safari za mwaka huu, kuwasafirisha wote 83 kungetaka zaidi ya shilingi milioni 13. Chama hiki hakijawahi kushika fedha ya namna hiyo.

Sijapata kusema kwamba simu inatosha. Haipasui. Haipimi miwani ya mtoto mdogo kikamilifu pia, maana misuli ya jicho lake ina nguvu ya kuvuta picha na kumdanganya mpimaji. Mpaka atiwe dawa ya kulegeza misuli hiyo na kutanua mboni, na mtaalamu awe mbele yake. Ndiyo maana baadhi yenu mliambiwa "picha haitoshi, aje". Naelewa uchungu wenu, lakini jibu hilo lilitoka kwa daktari, halikutoka kwa kamati.

Wapo pia waliouliza kwa nini bando linaliwa na ujumbe wa kukumbusha wazazi. Jirani zetu wa Trans Nzoia, Kenya, upande wa Kitale, walilijaribu katika shule 50, na matokeo yakachapishwa 2018. Shule 25 walimu walipima kwa simu zenye programu ya kupima macho iitwayo Peek, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Kati ya kila watoto 100 waliopewa rufaa, 54 walifika hospitali. Shule 25 zilizotumia kadi na karatasi walifika 22. Ujumbe ule si anasa.

Kuhusu picha za watoto kusambaa: hakuna picha inayopita kwenye kundi lolote la WhatsApp. Mzazi anasaini fomu kwanza, simu zina namba ya siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunaifuata.

Ndugu wanachama, niseme linaloniumiza zaidi. Tuko 118. Waliolipa ada ya shilingi 20,000 ni 37. Kikao cha Februari walikuja 41, Juni 16, Septemba 19, na akidi haikutimia mara mbili. Siku ya kugawa miwani walikuja 97. Wote tungelipa, tungepata shilingi 2,360,000, karibu sawa na fedha inayolalamikiwa. Kati ya wale 17 wa kusafiri, wanne bado wako nyumbani, na mmoja wao ana miaka mitano na makengeza. Jicho lililopinda ubongo huzoea kulipuuza, na kulirudisha kwa miwani na kufunika lile jingine lenye afya hufaa zaidi mtoto akiwa mdogo. Kila mwezi anaongoja unampunguzia nafasi. Anayengoja ada alipe leo.

Fedha: bakio baada ya manunuzi 1,350,000, ada 740,000, michango ya wahisani 600,000, jumla 2,690,000. Nauli na malazi ya watoto 13 zilitumia 2,115,000, karatasi na mawasiliano ya ofisi 180,000. Salio 395,000.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuongeza shule za mwambao, kufundisha walimu zaidi, na kuzungumza na wahusika ili daktari wa macho wa watoto awe anakuja Kigoma mara kwa mara. Mazungumzo yanaendelea vizuri.

Naomba mkutano uthibitishe uamuzi wa Machi kwa kura, na wasioukubali waseme hapa, mbele ya wote. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti hadi saa nane mchana.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti