Ruzuku ya bustani: someni kabla ya Jumapili

Mbukwenyi wanakikundi.

Fomu ya ruzuku nimeipitia jana usiku. Kwanza niweke sawa, maana wawili wameniuliza pembeni: hii siyo ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu). Ule hauna riba ila unarudishwa. Ruzuku hairudishwi, lakini kila shilingi itadaiwa risiti. Mama mweka hazina, lile daftari lililomwagikiwa mafuta lipumzike jamani.

Kinachonisumbua ni maji. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni vumbi na upepo tu. Tukiombea miche pekee, Agosti tutabaki na vijiti. Napendekeza hela nyingi iende kwenye simtanki na mipira ya kumwagilia kwa matone. Mchicha na chainizi tupande kwenye matuta yaliyozama, siyo ya kuinuka, maji yasikimbie. Pale eneo la wazi nyuma ya shule tusinunue miti mingi. Visiki vipo, tukichagua machipukizi mazuri na kupogolea mengine, kama wanavyofanya watu wa Kisiki Hai, ule mradi wa kufufua miti kutoka kwenye visiki, vinakua haraka kwa sababu mizizi tayari iko chini.

Bado tunadaiwa nakala ya cheti cha usajili, muhtasari wenye saini, na barua ya mtendaji kuhusu kiwanja. Barua naifuata mimi kesho.

Kikao Jumapili saa 10 jioni, pale kwenye mwarobaini. Habari ya mbuzi niachieni, nitaongea na mwenye mbuzi.