Malalamiko kuhusu fedha zenu kufika kwenye mgodi wa makaa ya mawe

Mkurugenzi Mkuu,
Benki ya Maendeleo.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MKOPO WENU ULIOPITIA BENKI YA BIASHARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jibu lenu nimelipata baada ya kusubiri miezi saba. Mnasema mgodi wa makaa ulio nyuma ya nyumba zetu hauwahusu, kwa kuwa mkopo mliipa benki ya biashara, na benki hiyo ndiyo iliyomkopesha mwenye mgodi. Fedha haiogi njiani ikabadilika sura. Iliingia kwa mlango wa mbele wa benki ile, ikatokea mlango wa nyuma imegeuka katapila.

Baruti hulipuliwa mchana, na sufuria zangu hulia zenyewe rafuni. Ufa wa chumba cha watoto ulipoanza ulikuwa mwembamba kama uzi. Nikachomeka njiti ya kiberiti nijue kama unapanuka. Njiti ilianguka yenyewe, na sasa kidole changu kinapita. Mvua za kwanza hatukingi maji, maana bati hushusha uji mweusi. Haya yote niliyaandika na picha nikaambatanisha. Hamkugusa hata moja. Mlinieleza muundo wa mkopo.

Mmeandika pia kwamba mgodi umeleta ajira. Kweli, mpwa wangu anaendesha lori humo, na sitaki afukuzwe kwa sababu ya barua hii. Lakini hata yeye huja kunisalimia akiwa amefunga kitambaa puani.

Na msiseme jambo hili ni geni. Mwishoni mwa 2003, jopo lililoundwa na Benki ya Dunia yenyewe, chini ya Emil Salim, waziri wa zamani wa mazingira wa Indonesia, lilishauri ufadhili wa makaa ukome mara moja na wa mafuta ukome ifikapo 2008. Ushauri huo ulikataliwa, na mwaka 2010 benki hiyo hiyo ikaidhinisha dola bilioni 3.75 kwa Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, sehemu kubwa zikiwa za kituo cha umeme wa makaa cha Medupi. Baadaye mambo yalianza kugeuka. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya iliamua mwaka 2019 kuachana na miradi mingi ya nishati ya kisukuku (makaa, mafuta na gesi) kufikia mwisho wa 2021. Hata kichochoro mnachojifichia ninyi, IFC, tawi la Benki ya Dunia linalohudumia sekta binafsi, ilizidi kukiziba mwaka 2023, ikitaka mabenki mapya inayonunua hisa zake yasifadhili miradi mipya ya makaa.

Kinga ya kutoshtakiwa nayo msiitegemee sana. Wavuvi na wakulima wa Gujarat, India, waliishtaki IFC kuhusu kituo cha umeme wa makaa cha Mundra, na Februari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kinga yake haikosi mipaka. (Baadaye walishindwa kwa hoja nyingine, najua.)

Ninachodai ni hiki: mikataba yenu na mabenki ikataze makaa, mafuta na migodi ya namna hii, na orodha ya waliofikiwa na fedha zenu iwekwe wazi. Mkopo huu usiongezwe hata senti. Nyumba zilizopasuka zikaguliwe na mhandisi asiyelipwa na mgodi, kisha zitengenezwe kwa gharama zenu na za mwenye mgodi.

Mhandisi huyo asije asubuhi. Aje mchana, akae chumba cha watoto, asubiri baruti.

Wenu,
Mlalamikaji