Barua ya malalamiko: gundi ya "plastiki zote" iliyobanduka katikati ya Ziwa Duluti

Tengeru,
Arusha.
11 Agosti 2025

Meneja Mauzo,
(Jina la kampuni liko juu ya bahasha),
Arusha Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: GUNDI YENU YA EPOKSI KUSHINDWA KUSHIKA KAYAKI YA PLASTIKI, NA STIKA MLIYOIBANDIKA JUU YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakodisha kayaki katika Ziwa Duluti. Ni kazi ndogo: kayaki tatu za plastiki, zote za mtumba, makasia na jaketi za uokozi, basi. Mwezi Juni ile ya njano ilipata ufa kwenye mkuku, chini kidogo ya pale mtu anapokaa, urefu wake kama sentimita 30. Ufa wenyewe simlaumu mtu. Kayaki imeburutwa kwenye mawe kwa miaka, imeanikwa juani, na plastiki ikipigwa na jua muda mrefu hukakamaa. Malalamiko yangu yanaanzia dukani kwenu.

Nilikuja tarehe 3 Julai na picha ya ufa kwenye simu. Kijana wenu wa kaunta aliitazama, akauliza kama ni plastiki, nikasema ni plastiki. Akashusha pakiti ya epoksi ya mirija miwili, mmoja gundi na mwingine kigumishi, akanionesha stika nyekundu mliyoibandika ninyi wenyewe, kwa Kiswahili, herufi kubwa: INASHIKA PLASTIKI ZOTE. "Mzee wangu," akasema, "hii ukijigandisha nayo vidole, hospitali unaenda navyo hivyohivyo." Tukacheka. Nikachukua pakiti nne, Sh 38,000 kila moja, jumla Sh 152,000. Risiti ninayo.

Naomba nieleze nilivyofanya kazi yenyewe, maana nilipopiga simu kwenu jambo la kwanza nililoambiwa ni kwamba "labda hukusugua vizuri". Nilitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Nikauchonga mdomo wa ufa kwa kisu ufunguke kama herufi V, gundi ipate pa kukaa. Nikasugua kwa msasa namba 80, upana wa vidole vitatu kila upande. Nikafuta kwa spiriti, nikaacha ikauke. Nikachanganya sawa kwa sawa kama pakiti inavyosema, nikapaka, nikalaza kitambaa cha nyuzi za kioo, nikapaka tena juu yake. Pakiti inasema saa 24, lakini Julai ya Tengeru mnaijua ilivyo, na epoksi kwenye baridi hukawia kukauka. Kwa hiyo niliiacha siku tatu ndani ya stoo, na mchana nikiitoa juani.

Siku ya nne niliingiza mpira wa maji kwenye tundu la kizibo, nikajaza kiasi, nikatandika magazeti chini usiku kucha. Asubuhi magazeti makavu. Nikawasifu, kweli nikawasifu, hata jirani anayeuza miche alinisikia.

Kumbe maji yaliyotulia ndani ya kayaki iliyotulia hayapimi kitu. Kayaki ikiwa ziwani inapinda. Mtu akikaa, tumbo linabonyea. Akipiga kasia, linajisokota kidogo. Asubuhi maji ni ya baridi, saa saba jua limechoma, plastiki inatanuka. Gundi yenu ikishakauka ni ngumu kama kigae, haifuati mwendo huo.

Jumamosi ya tarehe 19 Julai, safari ya pili ya siku hiyo, nilimpa kayaki hiyo baba mmoja na binti yake wa miaka kama tisa. Wakiwa katikati ya ziwa nikaona kayaki inakaa chini kuliko kawaida, nyuma imezama. Nikawafuata na nyingine, nikaivuta hadi ufukweni. Wote walikuwa wamevaa jaketi, hakuna aliyeumia, na mtoto aliona ni mchezo mzuri tu. Baba yake hakuona hivyo. Nilimrudishia pesa yake yote, na siku hiyo sikukodisha tena.

Tulipoigeuza kayaki, gundi haikuwa imepasuka. Ingepasuka ningesema nimepaka nyembamba. Ilikuwa imebanduka nzima nzima, ukanda mmoja mrefu na kitambaa chake, kama ganda la ndizi. Niliuvuta kwa vidole viwili, ukatoka. Hapa ndipo ninapotaka mtazame kwa makini, kwa sababu ukanda huo nauambatanisha na barua hii: upande wake uliokuwa umegusa kayaki una alama za msasa wangu zote, mstari kwa mstari. Nilisugua. Gundi iliingia kwenye kila mkwaruzo. Haikushika hata mmoja.

Kijana wa pili niliyempata kwenye simu alinishauri ninunue pakiti nyingine mbili nipake nene zaidi. Sikununua. Niliketi na karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya pakiti, ile ya Kiingereza, nikavaa miwani. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa chawa, kiwanda kimeandika kwamba gundi hii haifai kwa plastiki za aina ya polietilini na polipropilini. Nikarudi kuitazama stika yenu nyekundu. Stika imebandikwa nje na ninyi, karatasi imewekwa ndani na kiwanda. Kiwanda kilisema kweli kwa Kiingereza, herufi ndogo. Ninyi mkasema uongo kwa Kiswahili, herufi kubwa. Hilo ndilo lalamiko langu, Ndugu Meneja, na mengine yote ni matawi yake.

Msije mkasema kwamba mteja alipaswa kujua kayaki yake ni plastiki ya aina gani. Hata hivyo nilitafuta kujua, na haikuwa kazi. Nilikwangua unyoya mwembamba wa plastiki kutoka kwenye ukingo, nikautupa kwenye bakuli la maji: ukaelea. Nikachoma mwingine kwa kiberiti: ukawaka taratibu, ukadondoka matone, ukanuka mshumaa uliozimwa. Hiyo ni polietilini, plastiki ileile ya madumu ya mafuta ya kula na matangi ya maji. Kayaki nyingi za plastiki hutengenezwa kwa njia ileile ya matangi: unga wa plastiki unawekwa ndani ya kalibu, kalibu inazungushwa kwenye joto hadi unga uyeyuke na kuganda ukutani. Nchi hii imejaa plastiki hiyo. Mtu wa Arusha akija na kitu cha plastiki kilichopasuka, kama si bampa ya gari basi ni ndoo, dumu au tangi. Yaani "plastiki zote" mnazoahidi zinaacha nje zile hasa tunazozipasua.

Nilifanya na jaribio dogo mezani, kwa gundi iliyobaki. Nilipaka kwenye kipande cha dumu, kwenye bomba la PVC na kwenye ubao. Kesho yake, kwenye bomba ilinibidi nitumie nyundo. Kwenye ubao, mbao ilichanika kabla ya gundi kuachia. Kwenye dumu niliibandua kwa ukucha. Sababu yake utaiona ukidondosha maji: juu ya dumu yanajikusanya matone kama juu ya jani la myugwa, hayatandi. Mahali ambapo maji hayatandi, gundi nayo hapalowanishi, na gundi isiyolowanisha haishiki.

Kipande cha nne, nacho cha dumu, nilikipitisha haraka kwenye ncha ya moto wa buluu wa tochi ya gesi, bila kukiyeyusha, mpito mmoja tu. Maji yakatanda. Gundi yenu ileile niliyopaka hapohapo ikashika, si kama kwenye ubao, lakini ukucha uliishindwa. Mafundi wa kayaki wanaotumia epoksi kwenye polietilini hufanya hivyo, tena kwa epoksi laini inayokubali kupinda, si ya kigae kama hii. Ningeambiwa hilo dukani ningeamua mwenyewe kama nijaribu au niache. Mimi nilijifunza kwa Sh 152,000 na mtoto wa watu ndani ya maji.

Kwa haki niseme: gundi yenu si mbaya. Kasia langu la mbao nililoliunga na mabaki ya pakiti ya kwanza bado linafanya kazi. Nina ugomvi na stika.

Kayaki imepona, lakini si kwa gundi. Niliipeleka eneo la Unga Limited, hapa Arusha, kwa fundi anayeziba matangi. Alikwangua epoksi yote iliyobaki, akasema bila kuulizwa kwamba "hii haigundishwi, hii inachomelewa." Akakata vipande vyembamba kutoka kwenye tangi bovu, akapuliza hewa ya moto kwenye ufa na kwenye kipande kwa pamoja hadi vyote viwili vikaanza kung'aa, akaminya kipande kikaingia. Alianza kwa kujaribu nyuma, mahali pasipoonekana, kuhakikisha plastiki zinakubaliana. Sh 45,000, saa mbili, na soda juu yake. Tangu hapo imeshaenda ziwani mara kumi na moja, na kila jioni nafungua kizibo: kavu. Fundi huyo hana stika. Ana kibao cha mbao kilichoandikwa TUNAZIBA TANGI.

Ninachoomba ni haya. Mnirudishie Sh 152,000 nilizolipa. Kodi ya siku zilizopotea na pesa niliyomrudishia yule baba siwadai, ziwa nalo lina hasara zake. Muiondoe stika hiyo kwenye pakiti zote zilizoko rafuni, na kama lazima muweke nyingine, iseme kwa Kiswahili na kwa herufi zilezile kubwa kwamba gundi haishiki madumu, matangi, ndoo na kayaki. Na vijana wa kaunta wafundishwe kuuliza swali la pili baada ya "ni plastiki?" Yule wa kwanza simlaumu sana, alisoma kilichoandikwa kama nilivyosoma mimi, na sitaki akatwe mshahara kwa ajili yangu.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Yasipofika, nitawasilisha nakala pamoja na stika kwa Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Ningependelea tumalizane wenyewe, duka lenu liko njiani kwangu.

Ndani ya bahasha mtakuta nakala ya risiti, karatasi ya maelezo ambayo mstari wa chini nimeupigia kalamu nyekundu, kipande cha dumu, na ukanda wa gundi. Ukanda naomba mnirudishie mkishautazama, maana sina mwingine.

Wenu katika biashara,

(Sahihi)
Mkodishaji wa kayaki, Duluti