Barua ya wazi kwa wanachuo mnaokuja kupanda miti Dodoma

Wanangu, marahaba.

Nimeudhika, basi mnivumilie. Septemba iliyopita kundi la wanachuo lilishuka kijijini kwetu, wilaya ya Chamwino, na basi la kukodi, fulana za rangi moja, bango na spika. Wakapanda miche mia na kitu shuleni, wakapiga picha na mwenyekiti, jua halijazama wameshaondoka.

Septemba! Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, huanza Desemba, na ikichelewa ni Januari. Septemba mavuno yameshatoka shambani, mifugo imefunguliwa ijilie mabua popote. Mbuzi hawakumaliza hata wiki. Nikang'oa mche mmoja uliosalia: mizizi bado imo ndani ya kiriba cha nailoni, imejiviringa humo humo. Wasomi wazima! Hivi hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona bibi yake akipanda mpapai?

Lawama si yenu peke yenu. Chuo kinadai ripoti kabla likizo haijaisha, mfadhili anataka picha. Nasi wakubwa kila mwaka tunatangaza idadi ya miti iliyopandwa. Mgeni rasmi anayetangaza iliyo hai bado sijamsikia. Siku ya Mazingira Duniani yenyewe ni 5 Juni, ardhi yetu imeshakauka, na mashimo tunachimba vile vile.

Mkoa huu una historia, isomeni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Kondoa makorongo yalikuwa yamemeza mashamba, na mwaka 1979 serikali ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika zaidi. Majani na vichaka vikarudi, lakini mzigo waliubeba wenye mifugo. Ndiyo maana kabla ya kuuliza mpande nini, ulizeni nani analisha wapi, na mwezi gani. Swali hilo halina bajeti.

Likizo yenu ndefu inaangukia kiangazi. Sawa, kiangazi nacho kina kazi zake. Kuna kisiki hai. Mashamba yetu yamejaa visiki vya miti iliyokatwa zamani, mizizi ingali hai. Kila mwaka vinachipua, na kila mwaka machipukizi yanafyekwa au yanaliwa. Chagueni mawili matatu yaliyonyooka, pogoeni mengine, fungeni kitambaa ili mchungaji na mwenye jembe wayaone. Hakuna mche wa kununua wala ndoo ya kumwagilia. Kazi ni kukaa na mwenye shamba mpaka aridhie mwenyewe, na hapo ndipo mnapokimbia, kwa kuwa kisiki chenye kitambaa hakipendezi kwenye simu.

Mengine kwa kifupi. Anzieni kwa mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji. Hesabu za fedha zibandikwe ubaoni. Kijiji kimoja, si vitano. Mje na wa mwaka wa kwanza, ili mkihitimu kazi iwe na mtu. Chakula mlipie, akina mama wanaowapikia wametoka kuteka maji mbali.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Hudhurieni mmoja kabla ya kuandika andiko la mradi, na mkikaribishwa meza ya mbele mkatae. Mtawasikia watu wakigombania njia ya ng'ombe kwenda lamboni, andikeni hilo. Mkiamua kuja nitumieni ujumbe mapema, pa kulala papo.

Mzee wenu, bwana misitu mstaafu