Wayahudi wa miji midogo ya Italia

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Vita vya Pili vya Dunia iliruka kutoka Berlin hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz, kana kwamba Wayahudi walizuiliwa nyuma ya seng'enge tu.

Kuanzia Juni 1940 serikali ya Mussolini iliwakamata Wayahudi wa kigeni waliokuwa Italia. Baadhi walipelekwa kambi ya Ferramonti di Tarsia, Calabria, kwenye bonde la malaria. Wengine, familia nzima-nzima, walitawanywa katika miji midogo. Huko hapakuwa na ukuta. Walipanga vyumba kwa wenyeji, wakapewa posho kiduchu, wakawa wanaripoti polisi, na kutoka nje ya mji bila kibali ilikuwa marufuku. Mkate waliununua duka moja na wenyeji, ukigawiwa kwa kadi.

Septemba 1943 Italia iliposalimu amri, mambo yaligeuka. Waingereza waliikomboa Ferramonti mwezi huo huo, lakini kaskazini waliingia Wajerumani. Tarehe 30 Novemba serikali mpya ya Mussolini, iliyosimikwa na Wajerumani huko kaskazini, ikaamuru Wayahudi wakamatwe, na anwani zao polisi walikuwa nazo tayari! Waliowahi kutoroka walifichwa mashambani na kwenye nyumba za watawa. Waliokamatwa walipitishwa kambi ya muda ya Fossoli, kaskazini mwa Italia, kisha treni ya Auschwitz. Wapo pia waliochongewa na wenyeji, habari ambayo wanaosifia wema wa Waitaliano huiruka.

Naomba mwandishi wenu aigusie miji hiyo katika sehemu ya pili.

Msomaji wenu,
Moshi