Shukrani kwa mama wa benchi la Muhimbili

Kwako mama ambaye sikuwahi kukuuliza jina, uliyeketi nami benchi moja katika Hospitali ya Taifa Muhimbili siku niliyomleta mdogo wangu akitetemeka kwa arosto, yale mateso ya mwili uliozoea unga (heroini) unapoukosa: naomba upokee shukrani za familia yetu nzima.

Kabla ya hapo tulikuwa tumemfungia chumbani mara mbili (mlango ule hadi leo haufungi vizuri), tukamwombea, tukampeleka shamba kwa babu, na kila aliporudi mjini unga ulimpokea stendi. Ni wewe uliyenieleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia vya kutosha, kwamba methadoni iliyoanza kutolewa hapo mwaka 2011 ni dawa ya kunywa, haina malipo, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kwamba kazi yake ni kutuliza arosto na hamu ya unga ili mtu apate nafasi ya kuishi, si kumlewesha. Ulinionya pia kwamba majirani watasema amebadilisha ulevi kwa ulevi, na ndivyo walivyosema; ukanisihi tusimharakishe kuacha dozi, jambo ambalo bila wewe tungelifanya mwezi wa tatu.

Sasa anaamka alfajiri kuwahi daladala, anakunywa dozi yake, kisha anakwenda kwenye kazi yake ya kuchomelea mageti. Mwanao uliyekuwa ukimsubiri siku ile sikupata kujua aliendeleaje, lakini tunamtaja katika dua kila tunapomtaja wetu.