Ugonjwa wa kongosho hauishii kwenye vimeng'enya

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu uvimbe wa ghafla wa kongosho ilieleza vizuri jinsi vimeng'enya, yaani protini za kusaga chakula ambazo kongosho hutengeneza, vinavyoamka kabla ya wakati wake na kuanza kulimeng'enya kongosho lenyewe. Wazo hilo alilitoa daktari Hans Chiari mwaka 1896, na bado lina nguvu. Lakini makala iliishia pale hasa ambapo hatari kubwa huanzia.

Seli za kongosho zikijeruhiwa hutoa saitokini, yaani molekuli ambazo seli hupashana habari kwazo: TNF-alfa, intalukini-1, intalukini-6 na nyingine zinazoziita chembe nyeupe za damu. Zikizidi, humwagika kwenye damu na kuenea mwili mzima. Mishipa midogo huanza kuvuja, mapafu huingia maji, shinikizo la damu hushuka, figo hushindwa kazi. Ndiyo maana aliyeingia wodini akilalamikia tumbo anaweza kufa kwa kukosa pumzi, na jamaa zake wakabaki wakiamini aliuawa na maradhi mengine kabisa.

Kinachonisikitisha ni jinsi watu wanavyoshikilia kipimo cha damu cha amilesi, kimojawapo cha vimeng'enya vya kongosho. Kipimo hicho, sawa na cha lipesi, kimeng'enya kingine cha kongosho, husaidia kuutambua ugonjwa tu. Hakisemi utakuwa mkali kiasi gani, na chaweza kushuka huku mgonjwa akizidiwa. Ukali huonekana zaidi kwenye CRP, protini ambayo ini huitengeneza kwa kuchochewa na intalukini-6. Ikivuka miligramu 150 kwa lita saa 48 tangu ugonjwa uanze, hilo ni onyo. Hata hiyo haitoshi bila kuhesabu pumzi, kupima oksijeni na kuangalia kiasi cha mkojo.

Wapo watakaouliza kwa nini molekuli hizi zisizuiwe kwa dawa. Limejaribiwa hilo. Leksipafanti, iliyolenga mojawapo ya ishara za uvimbe, haikupunguza kufeli kwa viungo katika jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2001. Nadhani sababu moja ni kwamba wagonjwa wengi hufika hospitalini ishara zikiwa zimekwisha kusambaa.

Naomba makala ijayo iwaeleze wasomaji kwa nini daktari hukataa kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani hata maumivu yanapotulia, na kwa nini anayeanza kuhema haraka katika siku mbili za kwanza lazima muuguzi aitwe papo hapo, bila kungoja majibu ya maabara.

Msomaji wenu